Picha Sitini na Nne za Shangazi

Mtaani kwetu mimi naitwa Plastiki, na sikatai. Nina duka la kuchapa, kutoa fotokopi na kupiga picha za pasipoti, lakini mashine ninayoipenda kuliko zote ni ile ya kulamineti, inayomeza karatasi laini na kuitema ikiwa imevikwa plastiki ngumu pande zote mbili. Vyeti vya shule, kadi za kliniki, orodha za wapangaji, vyote nimevivika. Mke wangu husema nikizeeka nitajipitisha humo mwenyewe. Nayasema haya mapema kwa sababu habari hii ni ya shangazi yangu, lakini makosa mengi ni yangu.

Shangazi ni dada mkubwa wa marehemu baba. Alifanya kazi miaka thelathini na moja katika kiwanda cha nguo, kitengo cha ukaguzi. Kitambaa kilipita juu ya meza yake naye akakipapasa kwa viganja. Uzi ukiwa umeruka, mkono unasimama. Wenzake walitumia macho. Yeye alikuwa akisema kwamba macho huchoka saa nne asubuhi, vidole huchoka jioni. Alistaafu na cheti (nililamineti mimi), mgongo mbovu, na nyumba ya vyumba viwili yenye jiko nyuma, anamoishi peke yake na redio.

Binti yake, ambaye mimi namwita dada, anaishi mji mwingine, ghorofa ya nne. Mwezi uliopita alinipigia simu.

"Kaka, nisaidie na usinifiche kitu. Mama simwelewi siku hizi. Namtumia picha za wajukuu kwenye simu ya jirani, jirani anampa azione, yeye anasema wamependeza. Juzi nilikosea, nikatuma picha ya bomba lililopasuka jikoni kwangu. Akasema wamependeza."

Nilicheka. Yeye hakucheka.

"Naogopa akili inamtoka," alisema. "Kaa naye, mpitishie zile picha zake za zamani, umuulize nani ni nani. Kama anakumbuka, abaki kwake. Kama hakumbuki, Jumamosi nakuja na gari."

"Mwenyewe anasemaje?"

"Anasema humo atatoka amebebwa."

Basi Jumatatu nikaenda na daftari. Nilipopiga shikamoo, aliitikia marahaba na kuniambia viatu vyangu vipya vinalia. Tukakaa dirishani na bati lake la biskuti. Picha zilikuwa sitini na nne. Alitoa moja moja, akazishika kingo, akazizungusha kidogo vidoleni, akasema. Huyu mjomba wa reli, hiyo kofia aliazima. Hawa manesi watatu, mmoja alikuwa mchumba wa baba yako kabla ya mama yako, usimwambie. Huyu mtoto kwenye beseni ndiye wewe, na hayo maji uliyachafua dakika hiyo hiyo. Alikwenda hivyo mpaka mwisho bila kujikwaa. Wanasema akili ni nywele, kila mtu ana zake. Za shangazi zilikuwa bado zote kichwani. Nikampigia dada simu kwamba mama yake ni mzima kutuzidi sisi.

Ningeishia hapo, mambo yangekuwa shwari. Lakini kiherehere hakina dawa. Nikamwomba bati, nikasema nataka kuziskani picha zote ziingie kwenye kompyuta, kila moja na jina lake, niwagawie ndugu. Dukani niliweka kikaratasi chenye namba juu ya kila picha, namba zifuatane na daftari. Kisha mteja akalalamika joto. Nikawasha feni.

Vikaratasi sitini na vinne vikaenda chini ya meza, chini ya kabati, vingine nje barazani. Nikabaki na nyuso zinazonitazama upande mmoja na majina yasiyo na wenyewe upande wa pili. Nilizitambua picha kama kumi tu. Sikuogopa, maana shangazi angezitaja tena. Nikaziskani, halafu, kumfurahisha, nikazilamineti zote na kukata kingo zilingane. Moja tu ilikataa, ile iliyobandikwa kwenye kadi nene. Nikaitupia kwenye mtoto wa meza.

Jumatano nikarudi. Shangazi alichukua picha ya kwanza, vidole vikaizunguka, vikaizunguka tena.

"Umezifanya nini?"

"Nimezitunza, shangazi. Sasa hata maji hayaziingii."

"Ahsante, baba," alisema.

Nikamuuliza aliyeshika ni nani. Walikuwa wale manesi watatu.

"Huyo mjomba wa reli."

Nikajua ananitania. Nikampa maharusi, akasema ni manesi. Nikampa mtoto kwenye beseni, yaani mimi mwenyewe, akasema, "Babu yako huyo, hakuwahi kucheka hata siku moja." Nikacheka kwa sauti. Yeye uso wake ulikuwa mkavu. Baada ya robo saa nikamrudishia manesi kwa hila. Sasa wakawa majirani wa zamani.

Sijawahi kuchanganyikiwa namna ile. Niliandika, nikafuta, nikaandika juu ya nilipofuta. Nilitoka uani, nikazunguka kamba ya nguo, nikarudi. Labda leo ndiyo anasema kweli na Jumatatu alibuni. Basi yule niliyemwita mjomba tangu utotoni ni nani? Na mimi ndiye niliyekuwa kwenye beseni, au mtoto wa jirani? Mtu angeniuliza jina langu jioni ile, ningeomba muda.

Alhamisi ikawa vilevile, na mbaya zaidi kwa sababu alianza kusema "sijui" kwa sauti ndogo. Nikampigia dada.

"Njoo," nilisema.

"Lakini Jumatatu ulisema mzima."

"Jumatatu ni Jumatatu. Mimi mwenyewe sioni kichwa wala miguu."

Alilia kwenye simu, nami nikakaa nikimsikiliza nikijiona nimefanya wajibu wangu.

Ijumaa asubuhi nilikwenda kumwambia shangazi kwamba gari linakuja. Neno lilikuwa zito, nikatafuta pa kuanzia. Ile picha ya kadi nene nilikuwa nimeikumbuka, nikamwekea mapajani. "Hii ilisahaulika dukani," nilisema.

Kidole gumba chake kikagusa kona, ile iliyoliwa na panya, na uso wote ukafunguka.

"Baba yako," alisema. "Siku ya kwanza kuvaa viatu vya kamba. Ameficha mguu mmoja nyuma ya kiti kwa sababu soli ilikuwa imetoboka."

Ilikuwa kweli, kila neno. Ila picha ilikuwa imelala kifudifudi mapajani mwake. Aliyekuwa akiiona ni mimi peke yangu, nilipoinama na kuigeuza.

Nikamtazama. Macho yake yalielekea dirishani, maangavu kama kawaida. Mtu mzima wa miaka hamsini na mbili, nikamtolea shangazi yangu ulimi. Uso wake haukubadilika hata kidogo.

"Tangu lini?" niliuliza.

Aliielewa sauti yangu. "Jicho la kushoto mwaka juzi. La kulia lilingoja kidogo, halafu likaona lisiachwe nyuma."

"Daktari je?"

"Nilikwenda peke yangu. Alisema hayarudi."

"Mbona hukusema, shangazi?"

"Ningesema, nani angeniachia jiko langu? Humu najua kila kitu kilipo. Kule ghorofani nitakuwa mtu wa kukalishwa." Akaipapasa ile kadi. "Hizi picha nazipitia kila siku. Mjomba ana tundu la pini. Manesi wana kingo za meno meno. Wewe umekunjwa katikati. Halafu ukaja na plastiki yako. Jana nilikuwa nashika sahani."

Hakusema kwa hasira, na ndiyo maana iliniuma. Plastiki ile haibanduki. Ukilazimisha, sura inabaki kwenye plastiki. Hilo nalijua kuliko mtu yeyote mtaani.

Nilifunga duka siku nzima. Nilileta mkasi na kidude cha kutoboa karatasi, nikawa namweleza picha na yeye ananiambia ni nani.

"Mwanamke mnene," nilisema.

"Wote walikuwa wanene. Amekaa au amesimama?"

"Amekaa. Ana mkoba."

"Ameushika kwa mikono miwili? Huyo wifi. Hakumwamini mtu. Mkate kona."

Mjomba wa reli alipata matundu mawili, manesi mikato mitatu ya mkasi, mimi mkunjo wangu nikachorewa kwa msumari. Jioni zilikuwa zote zina alama na majina. Sikujua tumetengeneza kumbukumbu au tumetengeneza uongo. Kama angemwagikiwa na maji ya moto wiki ijayo, lawama ingekuwa ya nani?

Jumamosi dada aliingia na mifuko mitatu mitupu ya nguo. Alimkumbatia mama yake, akakaa, akachukua bati na kuanza mtihani mwenyewe. Shangazi akajibu. Wifi. Mjomba. Manesi. Dada akanitazama kwa jicho la "wewe una wazimu gani." Mimi nikatazama sakafu. Alipofika picha ya thelathini akarudisha bati mezani, akafuta machozi na kutoa simu yake. Akatafuta picha, akampa mama yake mkononi, kisha akageuka kutafuta kitambaa kwenye mkoba.

"Na hawa je, mama?"

Kidole gumba cha shangazi kikapita juu ya kioo, kona hadi kona. Nilikuwa na neno mdomoni na sikujua ni la kumtetea nani.

"Wamependeza," alisema shangazi.

Dada aliinua uso. Simu ilikuwa imezima. Kioo kilikuwa cheusi tii mkononi mwa mama yake.

Kisha shangazi akamrudishia simu, akainuka na kusema atatupikia chai. Tulimfuata mpaka mlango wa jiko, tukasimama. Alipima maji kwa mlio wake birikani. Aliwasha jiko kwa njiti moja ya kiberiti. Alipanga vikombe vitatu, akamimina, kila kimoja kikaishia chini kidogo ya ukingo. Dada alikuwa ameuma kanga yake ili kilio kisitoke.

"Njooni mnywe," alisema shangazi. "Najua mko hapo, mnanizibia upepo."

Dada alikaa siku tatu. Alimfuata mama yake kila aendako, mikono mbele, mpaka akaambiwa atoke njiani, maana humo ndani ni yeye tu asiyekaa mahali pake. Walizungumza peke yao usiku wa Jumapili. Sikuambiwa walisemezana nini. Jumanne asubuhi alikuja dukani na ile mifuko mitatu, bado mitupu.

"Nichapie picha za watoto," alisema. "Za karatasi."

Nilizichapa. Mkono wangu, kwa mazoea, ukaenda kwenye swichi ya mashine yangu. Dada alinitazama tu. Nikaurudisha.

Aliomba mkasi. Akachukua picha ya mtoto wake mkubwa, akakata mkato mmoja pembeni, akanipa.

"Funga macho, kaka. Nani huyu?"

Nikazunguka kingo kwa vidole mara mbili. Sikupata kitu. Karatasi ni karatasi.

"Sijui," nilisema.

Akaichukua, nikasikia mkasi, akanirudishia. "Na sasa?"

Nikazunguka tena, polepole. Upande wa juu kidole kikasimama.

"Mkubwa wako," nilisema.

Akachukua picha ya pili.