Niling'oa utafiti wa mdogo wangu kwa mikono yangu, nikasingizia ng'ombe wa jirani

Wakuu, habari za humu.

Mimi ni msomaji tu wa siku nyingi, kuandika siandikagi. Leo naandika, na sitapunguza kitu hata pale panaponiumbua. Majina nimebadilisha, lakini mtu wa kwetu Suguti akisoma atanijua. Anayetaka kucheka acheke.

Mimi ni mzaliwa wa kwanza kwetu. Baba alitangulia, mama akafuata nikiwa kidato cha pili. Nikaacha shule, nikabaki na mdogo wangu Masatu, yuko darasa la tatu. Nimeanika dagaa, nimelima mihogo, nimeuza udaga, mihogo ya kuvundika na kukausha, Musoma mjini mpaka wateja wakaniita Mama Udaga kabla sijazaa hata mtoto mmoja.

Sijutii. Nasema ili mjue, maana aibu yangu inaanzia hapo hapo.

Masatu alikuwa kichwa. Alimaliza digrii ya kilimo, ajira hakuna, akakaa nyumbani mwaka mzima tukilima wote. Ndipo akaona tangazo la fellowship kwa wanaotaka kusoma masters ya kilimo na sayansi za viumbe. Ada, hela ya kujikimu, na fungu la utafiti. Miaka miwili, ila mwaka wa pili haufunguliwi mpaka wafadhili waje shambani waone kazi kwa macho.

Tulienda wote kuprinti fomu kwenye stationery moja pale Kitaji, Musoma mjini. Binti wa pale akaniuliza, "Wewe ndiye mama yake?"

Nikasema ndiyo. Sikuona cha kueleza zaidi.

Akapata. Siku alipopigiwa simu alininyanyua juu kama gunia, na unene wangu huu.

Utafiti wenyewe ulihusu magonjwa ya mihogo, hasa batobato. Mnaolima mnaijua. Jani linakunjamana, linapata mabaka ya njano, mmea unadumaa. Akachagua shamba letu la kando ya njia ya Kiriba, akaligawa vitalu kwa kamba, kila kitalu na kibao cha bati chenye namba. Vingi vilikuwa mbegu mpya. Vinne, vya kando ya njia kabisa, mbegu yetu ya zamani.

Akanieleza. Hapa wakuu tusimame kidogo.

Alinieleza tukiwa shambani, jua linawaka. Akaongea control, akaongea treatment, akaongea na mengine siwezi hata kuyaandika. Mimi natikisa kichwa tu kukubali.

"Umeelewa dada?"

"Kwani mimi mjinga? Nimeelewa."

Sikuelewa kitu. Nilichoshika ni kupalilia na kuzuia mifugo, basi. Niliona haya kumuuliza mtoto niliyemfundisha mwenyewe kushika penseli.

Akarudi chuoni, akawa anakuja kila mwezi kukagua majani na kuandika.

Mihogo ikakua. Mbegu mpya kijani hadi raha. Vile vitalu vinne vikaugua vibaya, na ndivyo vinavyoonekana na kila anayepita.

Sasa kuna jirani yangu, Mzee Bwire. Anapitisha ng'ombe zake hapo kila asubuhi, na mdomo wake haujui kupumzika.

"Nyanjura, hiyo mihogo imeudhiwa na nani mpaka ikunje uso hivyo?"

Kesho yake tena, "Huyo mtoto anasomea kuponya mihogo au kuiua? Mwambie aje kwangu nimfundishe bure, na cheti nitampa."

Nacheka naye, lakini akishapita inaniuma. Kwetu shamba la kando ya njia ndiyo sura ya mwanamke wa nyumba hiyo. Likiwa baya watu hawasemi udongo umechoka, wanasema mwenye nyumba mvivu. Na wageni wakitangazwa, unafagia uwanja, unasiliba ukuta, na shamba la njiani unalisafisha ling'ae. Mama yangu alifanyaga hivyo, na mama yake pia.

Isitoshe, bwana shamba mwenyewe alishatufundisha kwamba muhogo wenye batobato unang'olewa mapema, hausubiriwi.

Basi Masatu akapiga simu. Wageni wanakuja Alhamisi, wanaanzia Butiama kwa mwanafunzi mwingine, halafu kwetu.

"Dada wewe andaa chakula tu. Shamba usihangaike nalo, liko sawa."

Nikasema moyoni, liko sawa wapi, huyu ananionea huruma.

Jumanne nikaita akina mama wa kikundi chetu cha kulimiana kwa zamu. Tukaingia tisa. Tuling'oa kila mmea wa vile vitalu vinne, tukaenda kuichomea nyuma ya jiko langu, tukarudi tukasawazisha udongo mpaka pakapendeza. Tuliimba jamani. Vile vibao nikaviosha kwa sabuni maana vilikuwa na tope, nikavipanga ndani kama sahani za wageni.

Jumatano jioni Masatu akafika. Hakuingia ndani. Alisimama njiani akiangalia pale, halafu akakaa chini kwenye vumbi na shati lake jeupe.

"Dada, nani kafanya hivi?"

Wakuu, ningesema ni mimi, haya mengine yasingekuwepo. Lakini nilipouona uso wake, ulimi ukatoka wenyewe.

"Ng'ombe za Mzee Bwire. Ziliingia zikakanyaga zote. Mimi nimesafisha tu."

Akainuka, akaenda moja kwa moja kwa mzee. Nilisikia sauti yake kutoka uani kwangu. Nimemlea yule kijana asimwinulie mtu mzima sauti, na hakuwahi. Siku ile aliinua, kwa ajili yangu, na mimi nikaendelea kupepeta unga.

Usiniulize nililalaje.

Alhamisi wageni wakaja, mama mmoja wa makamo na kijana mmoja, pamoja na msimamizi wa Masatu wa chuoni. Masatu akawapeleka shambani, akaanza kueleza habari ya ng'ombe. Yule mama anaandika.

Mara Mzee Bwire huyo, na fimbo yake, kavaa koti la kanisani. Hakualikwa.

"Wageni karibuni sana Suguti. Mimi ndiye mwenye ng'ombe. Nina swali dogo tu. Hizi ng'ombe zangu zilipomaliza kula, na vile vibao vya bati zilivipeleka wapi? Maana nimezikagua mifukoni, sijaviona."

Masatu aligeuka taratibu akaniangalia.

Nikaingia ndani, nikavitoa chini ya kitanda, nilikovihamishia kuvificha baada ya kumdanganya Masatu. Nikavileta kwenye beseni, safi, vinang'aa. Nikamkabidhi mdogo wangu mbele ya wote.

"Ni mimi," nikasema. "Ng'ombe hazikuingia. Nimeng'oa mimi."

Yule mama akaniuliza kwa upole, "Kwa nini dada yangu?"

"Ilikuwa inaumwa. Niliona aibu muione."

Akafunga daftari. "Hiyo ndiyo tuliyokuja kuiona. Bila ile iliyougua pembeni, hii nzima haithibitishi kitu. Mtu atasema ugonjwa haukufika hapa kabisa."

Ilinichukua dakika moja kuelewa kitu nilichodai nimekielewa miezi mitano nyuma.

Walikula chakula changu. Sijawahi kuona sato wanaliwa kimya vile.

Baadaye ikaja barua. Arudie msimu mzima, na mpaka hapo fellowship imesimamishwa. Masatu akapata tempo ya kufundisha baiolojia sekondari moja ya Bunda, kila Jumamosi anakuja na pikipiki, anakagua majani, anaondoka. Hakunigombeza hata siku moja. Bora angenigombeza.

Kwa Mzee Bwire nilienda kuomba radhi, nikapiga magoti. Akaniangalia wee, kisha akasema, "Ng'ombe zimeshakusamehe. Mimi bado natafakari." Lakini wiki ile ile alikuja na matawi ya miiba, akazungushia upande wote wa njia. Hakudai hata maji ya kunywa.

Msimu wa pili niliuliza maswali mpaka Masatu akachoka. Hii ya nini? Kwa nini hii inaachwa iugue? Nilikaa na vitalu vinne vya mihogo iliyokunjamana kando ya njia miezi yote ile, watu wanapita wanasonya, na mimi napalilia.

Fellowship ikarudishwa. Amemaliza. Mwezi uliopita ameleta kitabu chenyewe cha utafiti wake, jalada gumu. Nikamwambia anisomee palipoandikwa ule msimu wa kwanza. Akasita. Nikamkazania, akanisomea kwa Kiswahili:

"Vitalu vinne vya kulinganishia viling'olewa na mwenye shamba, ambaye mtafiti hakumweleza vya kutosha."

Nikamwambia, "Mbona ulinieleza?"

"Nilikueleza kwa Kiingereza dada. Hata mimi siku ile nilikuwa najionyesha."

Nilitoka nje nikajifanya nakwenda kuangalia kuku.

Kitabu hicho kiko maktaba ya chuo, na kosa amelibeba yeye. Ng'ombe za Mzee Bwire hazimo. Kwamba nilitikisa kichwa, nikasema nimeelewa, halimo. Kwamba nilimwacha akamfokee mzee wa watu wakati mimi napepeta unga, halimo.

Ndiyo maana nimeyaleta hapa. Yakae mahali yameandikwa.

Nilichojifunza ni kusema "sijaelewa", hata kwa mtoto niliyemlea. Nilishindwa kulisema dakika moja, mwenzangu akalilipia mwaka mzima.

Na nyie mnaosoma kwa ufadhili huko, mna dada au kaka nyumbani anayewatikisia kichwa kwenye simu. Mrudieni taratibu, kwa lugha anayolala na kuamka nayo.

Wenye la kusema semeni, hata matusi nitasoma. Nipo.