Karatasi ya Mwisho Husomwa kwa Kusimama

Watu walimwita Bi Mwisho, na hakukasirika, kwa sababu jina alilitafuta mwenyewe. Alikuwa akikodisha vitabu vya katuni kwenye mabenchi mawili kando ya kibanda cha kinyozi, vile vitabu vyembamba vya mashujaa wenye majoho, wanaoruka juu ya maghorofa. Mwanzoni wateja walimliza. Mtu anachukua kitabu, anaapa atakirudisha kesho, na kesho yenyewe haifiki. Basi akaazima wembe wa kinyozi, akakata karatasi ya mwisho ya kila kitabu, akazitia zote kwenye debe la biskuti, na debe akaligeuza kiti chake. Ukitaka kujua kama Bwana Ngurumo alitoka mgodini akiwa hai, rudisha kitabu kwanza, kisha simama mbele ya Bi Mwisho usome anakuona. Kukaa hapana, benchi ni la wanaoanza. Wezi wakakoma.

Vitabu vyenyewe alivipata kwa muuza sabuni, aliyekuwa akinunua marobota ya karatasi kuukuu kutoka ng'ambo ili afungie bidhaa. Siku Bi Mwisho alipoona picha ya Dada Radi, shujaa wa kike, imezungushiwa mche wa sabuni, roho ilimuuma, akamng'ang'ania yule bwana mpaka akamwachia robota zima. Humo mlikuwa na vya zamani, vya karatasi ngumu iliyogeuka manjano, ambamo shujaa humaliza kila jambo kwa ngumi. Mlikuwa na vya baadaye pia, ambamo shujaa analia, anagombana na mkewe na kudaiwa kodi ya nyumba. Wasomaji wakagawanyika. Fundi saa alishikilia kwamba shujaa anayelia si shujaa. Muuguzi wa zahanati alimjibu kwamba asiyelia bado hajaona kitu. Bi Mwisho ndiye aliyekuwa mwamuzi, na upendeleo wake kwa Dada Radi ulijulikana na wote.

Kaka yake mkubwa, mwalimu mkuu wa shule ya pale mtaani, hakuvipenda vitabu hivyo hata kidogo. Lakini alivumilia, hadi fundi mmoja mpaka rangi, mteja wa Bi Mwisho, alipoanguka. Yule fundi alikuwa akipaka rangi chini ya paa la shule, kipago cha ngazi kikakatika, akavunjika mguu. Ngazi ilikuwa ya shule, imeoza, na fundi alikuwa ameomba nyingine akaambiwa ajitahidi na hiyo hiyo. Kwa bahati mbaya mfukoni alikutwa na kitabu cha Bwana Ngurumo. Kwenye mkutano wa wazazi mwalimu mkuu alikiinua juu, akasema mtu mzima na akili zake alikuwa amejaribu kuruka. Mwenye mguu uliovunjika hakualikwa. Wazazi wakaingiwa na hofu, wakakubaliana vitabu vyote vichomwe.

Walikuja na magunia, kaka mtu akiwa mbele. Bi Mwisho hakuinuka.

"Mdogo wangu, usinitie aibu mbele za watu," akasema kaka.

"Aibu iko kwenye ngazi yako. Kachome hiyo."

Kaka akaona ni ukaidi wake wa tangu utotoni, akawaambia wenzake wamwache aketi hapo hapo. Wakabeba vitabu vyote. Kwenye uwanja wa shule, moto ulipowashwa, Bi Mwisho alisimama mstari wa mbele, mahali ambapo kaka yake asingeweza kujifanya hamwoni, akalia kwa sauti bila kujificha. Alivipenda vile vitabu, na asiyeelewa shauri yake. Lakini wachomaji hawakufungua hata kimoja. Wangefungua, wangeona kwamba vyote havina mwisho, na wangejiuliza yule mama alikuwa ameketi juu ya nini.

Kulipokucha alifungua kama kawaida. Fundi saa alikuja na uso wa msibani, ameandaa pole yake. Bi Mwisho akainuka, akafunua debe, akampa karatasi: Bwana Ngurumo anatoka mgodini, joho limechanika.

"Huyu ametoka," akasema. "Sasa niambie aliingiaje."

Fundi saa akaanza kusimulia. Muuguzi akamkatiza, kwamba daraja lilianguka kabla ya mgodi, wala si baada yake. Wakabishana mpaka kinyozi akamwacha mteja na nusu ya ndevu, akaja kutoa ushahidi. Kesho yake walikuja wengi zaidi. Kila mmoja alikuwa na kipande chake kichwani, na yule mpaka rangi, akiwa na magongo yake, akaomba makaa na karatasi akaanza kuvichora upya.

Alipozoea, akachora kitabu chake mwenyewe. Shujaa wake ni fundi, adui ni ngazi mbovu, na mwalimu mkuu yumo, pamoja na kipara chake. Kilikuwa kimoja tu duniani. Kikapita mkono kwa mkono hadi kikamfikia mwalimu wa hesabu, na huyo akanaswa nacho ofisini na mwalimu mkuu mwenyewe, akanyang'anywa. Watu wa benchi walikata tamaa, wakamsihi Bi Mwisho aende akamwangukie kaka yake.

"Siendi," akasema. "Atakisoma tu. Na akikisoma, mwisho ninao mimi."

Kaka alikuja mchana, mabenchi yamejaa. Alisalimia, akauliza habari za nyumbani, akasifia hali ya hewa, na muda wote macho yakiwa kwenye debe. Mwishowe akainama, akauliza kwa sauti ya chini yule mwalimu mkuu anafanywa nini.

"Utaratibu unaujua. Kitabu kwanza."

Akatazama huku na huku, akakichomoa ndani ya koti. Bi Mwisho alikikagua ukurasa kwa ukurasa, kama anavyomfanyia mteja yeyote, ndipo akampa karatasi. Kaka akataka kuketi.

"Benchi ni la wanaoanza, kaka."

Akasoma amesimama. Kwenye picha, mwalimu mkuu yuko juu ya ngazi ile ile, kipago kinakatika chini ya kiatu chake. Chini yuko fundi, gongo moja kwapani, amenyoosha mkono. Picha inaishia hapo.

Kaka aligeuza karatasi, nyuma hamna kitu.

"Alimdaka?"

"Mchoraji anasema bado hajaamua," akasema Bi Mwisho. "Anasubiri kusikia utawaambia nini wazazi."

Kaka alibaki na karatasi mkononi, akiikodolea macho tena, mpaka fundi saa aliyekuwa nyuma yake akakohoa.

"Ukimaliza, mpishe mwenzako," Bi Mwisho akamwambia. "Na yeye anangoja zamu yake."