Macho Yangu na Ukungu wa Kitulo

Alhamisi, tarehe ishirini Februari. Mvua ya rasharasha tangu alfajiri, na milima ya Matogoro haionekani kabisa.

Nina hasira. Mtu aliyenistaafisha kwa uongo amekuja leo nyumbani kwangu kuomba msaada. Nimeona niandike habari yote, ili nyinyi vijana mnaoshika usukani mjue kazi hii ilivyokuwa. Mimi niliishia darasa la saba na kupanga maneno sijui sana. Nitaanza mwanzo, nisije nikamwonea mtu.

Siku yangu ya kwanza kazini, kwenye karakana ya mradi wa barabara, Mkuu wa Karakana hakunipa gari. Alinipa ndoo na kitambaa, nikafuta vioo vya malori yote. Nilidhani ananidharau. Mchana akanipandisha kwenye lori, akaniuliza, "Kijana, unaona nini mbele?"

"Barabara, mzee."

"Barabara hata mbuzi anaiona. Angalia majani ya ukingoni. Siku usipoyaona hayo majani, ujue na wewe umeshakuwa abiria. Simamisha gari."

Alikuwa mkali, alinizaba vibao mara mbili, na hilo sikubaliani nalo mpaka leo. Lakini la majani alisema kweli.

Baadaye nilipelekwa Tunduru, upande wa Namasakata, kubeba mazao. Masika udongo wa kule unateleza kama mlenda. Hapo ndipo nilipojifunza kwamba mlima unashukwa kwa gia uliyoupandia. Ukiachia fri, yaani ukatoa gia gari lijiporomokee ili uokoe mafuta, mzigo wote unabaki kwenye breki, breki zinashika moto, halafu ukikanyaga hupati kitu. Kisha niliendesha gari la misheni chini ya Padre Msimamizi. Yeye alinifundisha kuzima injini kwenye ukungu na kusikiliza, kwa sababu gari linalokuja utalisikia kabla hujaliona.

Mwisho nikaajiriwa na kampuni ya safari pale Majengo. Meneja wake ni kijana, ameenda shule, ana adabu. Mke wangu alipougua usiku, ni yeye aliyetoa gari la ofisi kumpeleka hospitali, na hakunikumbusha hata siku moja. Hilo siwezi kulifuta eti kwa sababu leo nimekasirika.

Kazi yetu ilikuwa kupeleka watu Kitulo kuona maua. Tunalala Makete, alfajiri tunapanda, tunashinda juu, jioni tunashuka. Mwezi kama huu wa mvua, uwanda wote ule unachanua: meupe, ya njano, mekundu yaliyosimama kama mishumaa, na nyasi zinakwenda mpaka macho yanakoma. Miti hakuna. Baridi yake inaingia mpaka kwenye meno. Nimepanda kule miaka mingi na sikuwahi kuizoea njia. Labda ndiyo sababu sikuwahi kuangusha mtu, au labda ilikuwa bahati tu.

Safari yangu ya mwisho niliwabeba akina mama wa kikoba cha Majengo, kile kikundi chao cha kuweka na kukopa, wote sare ya kitenge. Asubuhi ilikuwa safi. Waliimba, wakapigana picha ndani ya maua, mmoja akalala chini kabisa, wenzake wakamwambia, "Inuka, siyo kitanda cha bwana wako hicho." Tukawa tumebakiza ukingo wa juu, mahali unapoona bonde lote la Usangu chini yako. Hiyo ndiyo mandhari waliyoahidiwa.

Tulipoanza kupanda, ukungu ukatufunika. Niliwasha taa, nikaweka gia nzito. Majani ya kushoto yakapotea. Nikasimama, nikazima injini.

"Baba, kuna nini?" aliuliza Mama Mwenyekiti, anayeuza vitenge sokoni.

"Tusubiri, mama. Njia siioni."

"Tumekuja kuona maua, siyo moshi."

Tulisubiri sana. Halafu gari jingine likatupita, dereva wake akanipungia mkono, likapanda. Niseme ukweli: gari lile lilifika na lilirudi salama. Huenda na mimi ningefika. Nimeliwaza jambo hili mara nyingi. Lakini yule hakuwa na watu wangu ndani.

Mama Mwenyekiti akampigia Meneja, akaweka spika gari zima lisikie.

"Mama, samahani sana," Meneja alisema. "Huyo mzee macho yameshachoka. Nilikuwa nampanga apumzike. Safari ijayo nitawapa dereva kijana."

Kisha mmoja nyuma akasema, "Kumbe tumeletwa na mtu asiyeona."

Nikageuza. Njia nzima ya kushuka walinisomea barabara. "Baba, kona." "Baba, shimo hilo." "Ng'ombe, baba, mweusi, kulia." Hata tulipofika kwenye lami, jua linawaka, bado mmoja alikuwa ananitajia alama. Siwalaumu. Waliogopa, na aliyewatia hofu ni mwajiri wangu.

Wiki ile ile niliagwa kwa soda na shuka. Hospitalini walinipima macho wakasema ya mbali ni mazima, ya kusomea tu ndiyo yanataka miwani. Lakini nani sokoni anauliza hospitali? Parokia ilipopata gari la kwaya, walimpa mwingine. Vijana wananisogelea mpaka puani, "Shikamoo babu, ni mimi, Osmundi," kama vile sioni kwamba ni Osmundi. Juzi binti mmoja alinishika mkono kunivusha barabara. Nikavuka naye. Ningemwambia nini?

Leo basi Meneja amekuja. Dereva wake mpya ameshakwama kule juu mara mbili.

"Mzee, ukae tu kiti cha mbele, umwelekeze."

"Nimwelekeze kwa macho yapi?"

Alicheka kidogo. "Mzee, yale yalikuwa maneno ya biashara. Nilikuwa namtuliza mteja. Najua unaona."

"Basi twende sokoni kwa Mama Mwenyekiti, ni hapo tu. Ukaseme hivyo hivyo mbele yake, kesho napanda na wewe."

"Nikisema hivyo si wataniona muongo?"

"Kwani ulikuwa nini?"

Mke wangu alikuwa mlangoni, akasikia yote. Meneja akasema, "Hapana, mzee. Hilo sitaweza."

Nami nikamwambia sitakwenda. Na ninataka kwenda, hilo lijulikane. Maua yamefunguka sasa hivi, na miguu yangu haitanisubiri miaka mingi. Nimestaafu kwa mara nyingine leo, na safari hii nimejistaafisha mwenyewe. Sijui kama ni busara au kiburi cha uzee. Ninachojua, mtu anayekiri sebuleni na kukana sokoni hajakiri kitu.

Mvua ikakaza, Meneja hakuweza kuondoka. Tulikula ugali na usipa, dagaa wa ziwani, wa kuunga kwa nyanya, na majani ya maboga. Mke wangu alimwekea yeye kwanza, kwa kuwa ni mgeni.