Mguu wa Mama Mkwe

Enzi za Mwingereza nilikuwa dresa, mfunga vidonda, katika zahanati ya Sumbawanga, na kazi yangu ilikuwa miguu tu. Wenzangu walichoma sindano na kugawa kwinini, wakaheshimiwa. Mimi nilitoa funza, nilichonga sugu na kuosha vidonda, nao wakanicheka kwamba nimesomea nyayo. Sikujali. Mkulima wa Ufipa huinua matuta ya udongo unaofukia nyasi, kwa jembe, akiwa peku. Mguu ukimfia, na ulezi wake shambani umekufa. Nilishikilia kwamba siku moja kazi hii itakuwa na chumba chake na watu wake. Kidole kimoja hakivunji chawa, najua, lakini nilikuwa nacho hicho kimoja.

Msimu mmoja wa matuta, mama mkwe wangu, mkulima wa kijiji cha Pito, alijikata kisigino kwa jembe. Akaficha. Mficha maradhi kilio humuumbua: alipoletwa kwa machela, kisigino kilikuwa kimeoza. Daktari wa Kizungu akasema wazi kwamba kidonda kikipanda hadi kifundo, mguu utakatwa. Akaniagiza nimsafishe kila asubuhi. Mama aliposikia hatua zangu, alijifunika khanga usoni akageukia ukutani.

Kwetu mwanamume hamgusi mama wa mkewe, wala hawatazamani. Daktari aliuita mwiko huo upuuzi. Mimi nilikasirika zaidi yake, maana anayeoza ni yule aliyenipa mke, na mikono pekee iliyojua kazi ile ndiyo isiyoruhusiwa kumgusa. Niliogopa pia. Akilini nilikwisha kumwona hana mguu, akitambaa shambani kwake.

Mke wangu alikuwa amekaa kando ya kitanda. Akanyanyuka, akanawa mikono.

"Simama nje ya mlango unielekeze," akasema. "Wewe ni mkwe. Mimi ni mwanawe."

Daktari alikataa, akidai mke wangu hajasomea kazi hiyo. Nikamjibu kwamba mama atajifunika hivyo hivyo mpaka mguu ukatike, na kwamba mimi sibanduki hapo nje ya mlango. Akatuacha.

Basi nikasimama nimeupa mlango mgongo, nafundisha uwanja mtupu. Mke wangu alinitajia anachokiona, rangi, usaha, harufu. Mimi nikamwambia wembe upite wapi, na kwamba akiona damu nyekundu aache. Asubuhi ya kwanza alitoka mbio, akatapika mbele yangu, akafuta mdomo, akarudi ndani. Mimi ni mkaidi, lakini huyu alinishinda.

Nyama mpya ikajaa. Mama alirudi Pito kwa miguu yake mwenyewe, na fimbo. Daktari hakuomba radhi. Alimwambia tu mke wangu aje tena Jumatatu.

Jumatatu hiyo benchi la wagonjwa wangu lilijaa wanawake waliosikia kwamba sasa anayeosha miguu ni mwanamke. Walikuwepo wake wa wakulima na mama mmoja wa duka la mjini aliyevaa baibui, wengine wakiwa na vidonda vikongwe kuliko kazi yangu. Miaka yote nilikuwa nikihudumia wanaume na watoto, nikidhani wanawake wa Ufipa wana nyayo ngumu.

Nilisikia uchungu na furaha kwa pamoja. Nikamkabidhi mke wangu wembe na maji ya zambarau, dawa ya kuoshea vidonda. Chumba kilikuwa kidogo, nikatoka mimi.