Nilikiri Kosa la Mfereji

Mimi ni Mkenya niliyeolewa Tanzania, Kirua Vunjo. Nimezaa huku na nimezika mume huku. Kaburi lake lipo kihambani, kwenye shamba la ukoo, hatua chache kutoka jikoni kwangu. Uraia tulikuwa tukisema tutaomba mwakani, hadi akafa. Hasira nilizaliwa nazo.

Mwaka wa ukame jirani yangu aliziba mfongo, ule mfereji wa maji tunaopeana zamu, na zamu ilikuwa yangu. Nilimpiga na mpini wa jembe, akavunjika mkono. Nilikosea, nikamwomba radhi mbele ya wazee, tukanywa mbege, pombe ya ndizi, ya mapatano kwenye kata moja. Lakini kesi ilishafika mahakamani. Watu wakanishauri nikiri tu yaishe, ng'ombe wanangoja majani. Nikakiri. Nikapewa kifungo cha nje, nikafagia zahanati miezi mitatu, nikadhani nimemaliza.

Hakuna aliyeniambia kuwa kwa mgeni hayaishi. Nilipokwenda Moshi kuomba upya kibali cha ukaazi, fomu iliuliza kama nimewahi kutiwa hatiani. Aliyenisindikiza ni jirani huyohuyo.

"Andika hapana," akaninong'oneza. "Aliyepigwa ni mimi, na nimeshasamehe. Wao inawahusu nini?"

Niliogopa, sifichi. Lakini njia ya mwongo ni fupi, nami kwangu nataka kukaa. Nikaandika NDIYO, kwa herufi kubwa.

Ofisa, kijana wa umri wa mwanangu, aliniamkia shikamoo vizuri kabisa, kisha akasoma fomu. Jirani akamnyooshea mkono, akaukunja na kuukunjua. "Angalia, baba, mkono umepona. Hata kuni napasua."

Ofisa akasema hilo halimo kwenye sheria. Kibali sitapata, nina siku thelathini, niondoke au nikate rufaa.

"Adhabu nimeitumikia," nikamwambia. "Mwenzangu wa hapa akimaliza yake anarudi shambani. Mimi mnanipa ya pili kwa kosa lilelile, tena kubwa kuliko ya hakimu. Andika hapo kwamba siendi."

"Hilo uandike wewe, mama. Kwenye rufaa."

Niliiandika palepale kwenye benchi, kurasa mbili. Jibu bado. Nilipofika nyumbani sikufungasha hata kanga. Nilichukua jembe nikapanda maharage, na maharage yetu hukaa shambani miezi mitatu.