Mwanamapinduzi wa Ghala la Pamba

Ofisi ya chama pale Bariadi iliniita nichore mwanamapinduzi. Nchi rafiki ilikuwa imetuletea mabango mazuri ajabu, na balozi wake alikuwa njiani kuja kukagua mshikamano wetu. Katibu alitaka bango moja likuzwe kwenye ukuta wa ghala la pamba: mama mkulima, bunduki kifuani, macho kwenye ushindi. Tatizo, bango lilikuwa limelala stoo, na mchwa walishakula uso na mikono. Mchwa hawachagui itikadi.

Nikaenda kijijini Ipililo kwa mama yangu. Bunduki hatukuwa nayo, nikamshikisha mchi wa kutwangia. Akasimama uani akinung'unika kwamba maharage yanaungua, na mnuno huo ndio nikauchora. Katibu aliusifu sana, akasema ni hasira ya kitabaka.

Balozi alipofika aliutazama ukuta kwa muda, akasema kwao bunduki haishikwi hivyo. Katibu akamjibu kwamba huku kwetu ndivyo inavyoshikwa, na wote wawili wakapiga makofi.

Mama hakuwahi kupigwa picha maishani. Kila siku ya gulio alipokuja mjini alipitia pale ghalani kujitazama. Wanawake wenzake walimtania kwa salamu ya Kisukuma, "Mwadila, mayu kamanda," yaani za mchana, mama kamanda, naye aliitika bila kucheka. Nilijisikia fahari kupita kiasi.

Kisha soko huria likaingia. Ghala likapata mwenyewe mpya, na nchi ile rafiki ikarudi, safari hii ikiuza sabuni. Balozi mwingine, tabasamu lilelile. Kazi nikapewa mimi, maana ukuta naujua. Niliomba uso wa mama ubaki, nimshikishe sabuni tu. Mwenye ghala akasema mteja hanunui sabuni kwa mtu aliyenuna. Basi nikampaka chokaa mama yangu mzazi, nikaweka msichana mwenye meno mengi. Iliniuma, sitaki kudanganya.

Gulio lililofuata mama akaja, akasimama mbele ya ukuta.

"Mimi nimekwenda wapi?"

"Uko hapo chini ya sabuni, mayu."

Akaweka kiganja ukutani, pale ulipokuwa uso wake. "Basi nitakuwa nimetakata," akasema, lakini sauti haikuwa ya utani. Akaniuliza kama naweza kumchora tena, hata kapicha kadogo, ka kuweka nyumbani.

Nikaokota boksi tupu la ile sabuni, nikalipasua, nikamwambia asimame kama siku ile.

Akauliza mchi uko wapi.