Mgema na Mwizi Wake

Kasian alikuwa na miaka sabini na mmoja, na hakutaka kufa kabla hajamkamata mwizi wa ulanzi wake.

Mwizi mwenyewe alikwisha kumtaja. Ilikuwa Jumapili moja ya Februari mwaka jana, nje ya kanisa la kigango, watu wakipeana mikono baada ya misa. Sosthenes, jirani yake na rafiki yake tangu walipochunga mbuzi pamoja, alimnyooshea mkono. Kasian akautia wake mfukoni, akasema kwa sauti iliyowafikia wanakwaya: "Mimi sipeani mkono na mwizi wa ulanzi. Na hiyo komunio ungeiacha kwanza."

Sosthenes alishusha mkono. "Sawa, Kasian," akasema, akaenda zake. Tangu siku hiyo hawakusemezana.

Ushahidi wa Kasian ulikuwa vidoleni. Ulanzi, pombe hiyo ya mianzi, hautaki mtu wa nguvu, unataka mtu wa mkono mwepesi. Mvua zikishika na chipukizi la mwanzi likifika kifuani, mgema hulikata ncha, akafunga hapo mbeta, kile kikopo cha mwanzi kinachokinga maji yake. Kisha kila asubuhi na kila jioni hulichonga jeraha lile upya, utando tu. Ukichonga nene, chipukizi linakufa. Usipochonga, jeraha linajifunga. Kasian alikuwa ameifanya kazi hiyo tangu ujana wake. Lakini sasa kila alipofika na kupapasa, alikuta jeraha limechongwa na mkono mwingine, jembamba kama ganda la kitunguu, na mbeta iliyopaswa kujaa imebaki nusu. Kama huo si wizi, ni nini?

Kwa nini alipapasa? Hilo ndilo alilowaficha watu. Macho yalianza kufifia miaka minne nyuma, kwanza kama yu jikoni kwenye moshi, halafu kama ukungu wa Julai usioondoka hata saa sita mchana. Na mgema asiyeona si mgema tena, ni mzee wa kuota jua. Kwa hiyo Kasian alihesabu. Hatua arobaini kutoka mlangoni hadi kwenye lile jiwe kubwa, akate kushoto, hatua sitini, na hapo, kabla ya mfereji wa mpaka, mashina yake matano ya mianzi. Watu aliwatambua kwa sauti. Wasiofungua kinywa aliwaita wote "mnyalukolo", na kwa kuwa Iringa kila mtu ni ndugu, hakuna aliyestuka.

Mkewe tu, Evarista, ndiye aliyejua. Mwanamume anayetia chumvi mezani badala ya sahanini hawezi kumficha mkewe.

"Hospitali hiyo hapo Tosamaganga," Evarista alimwambia. "Nenda."

"Nikapange foleni na kijiji kizima? Kesho yake watasema Kasian kipofu."

"Basi mwizi wako utamkamata kwa pua."

Neno hilo lilimchoma. Mwezi wa kumi na mbili, binti yao Anjela, aliyeolewa Mbeya, alipopiga simu na kusema kwamba huko mtoto wa jicho anatolewa na mtu hulala usiku mmoja tu, Kasian aliwaaga majirani kwamba anakwenda kumwona mjukuu. Haukuwa uongo mkubwa. Mjukuu alikuwepo.

Muuguzi aliyemlaza kwenye kitanda cha upasuaji aliitwa Tupokigwe, Mnyakyusa mwenye sauti ya kuongoza kwaya.

"Babu, unaogopa?"

"Mhehe haogopi."

"Sasa mkono wangu mbona unauvunja?"

Sindano ya ganzi iliuma kama siafu, kisha jicho la kulia likawa si lake. Alisikia maji yakimwagika, vyuma vidogo vikigongana, daktari akiuliza habari za mpira. Hata Salamu Maria zake hazikufika kumi, akaambiwa tumemaliza, babu. Aliona aibu kidogo. Miaka minne ya kuhesabu hatua, kwa jambo fupi namna ile!

Asubuhi Tupokigwe alibandua bandeji. "Vidole vingapi?"

"Vitatu. Na kucha umepaka rangi nyekundu."

Kisha akamtazama mwanamke aliyesimama nyuma ya muuguzi, akamtazama tena. "Anjela! Mwanangu, hizo mvi umezitoa wapi?"

"Jamani, baba! Ndilo neno la kwanza hilo?"

Akacheka, akaanza na kulia, akakatazwa kufuta machozi kwa mkono. Nje, mlima wa Loleza ulikuwa umesimama juu ya mji, na kati ya mlima na mbingu palikuwa na mstari. Alikuwa amesahau kwamba mstari huo upo.

Alikaa kwa Anjela wiki sita, dawa za matone mara nne kwa siku, hakuna kuinama, hakuna moshi wala vumbi, hakuna kubeba kitu. Jicho la kushoto lilipangiwa mwezi wa tano. Usiku aliota kisu chake, na Sosthenes akiwa na mbeta mikononi.

Alirudi kijijini katikati ya Februari. Kesho yake, alfajiri ikipauka, alitoka na kisu bila kumwamsha Evarista. Hatua arobaini. Jiwe hili hapa. Kushoto, sitini. Alifumba macho kwa mazoea, akapapasa: shina la kwanza lenye kovu, la pili lililoinama, yote matano. Vidole vikakuta jeraha la asubuhi hiyo hiyo, bado bichi, limechongwa utando. Mwizi hajafika mbali!

Akafumbua jicho.

Mfereji ulikuwa nyuma yake.

Aliutazama muda mrefu. Mfereji ule walichimba baba yake na baba yake Sosthenes, wakapanda mashina matano huku na matano huku, siku moja, kwa nafasi ile ile, kama mapacha. Sasa ulikuwa umejaa mchanga, mtu angeuvuka bila kujua. Alirudi hadi kwenye jiwe na kuona alama ya mahali lilipokaa zamani, hatua nane juu ya mteremko. Mvua za mwaka juzi zilikuwa zimelisukuma upande wa kushoto, naye akaendelea kulihesabia: kutoka mlangoni bado zilikuwa arobaini, lakini zile sitini zilimvusha mfereji.

Ng'ambo, mashina yake mwenyewe yalikuwa yamekuwa msitu. Hakuna chipukizi hata moja lililokatwa. Misimu miwili mizima alikuwa amegema mianzi ya Sosthenes. Na kila alipochonga nene kwa kutoona, kuna mtu alipita nyuma yake kuliokoa chipukizi, akanywa nusu, akamwachia nusu.

"Kamwene, mwizi," sauti ikasema.

Sosthenes alikuwa amesimama kando ya mashina na kisu chake, mwembamba kuliko Kasian alivyomkumbuka, meno mawili ya mbele hayapo.

"Kamwene," Kasian akajibu. "Ulijua tangu lini?"

"Tangu siku ya kwanza. Unachonga kama unapasua kuni."

"Ukanyamaza! Hata pale kanisani?"

"Ningesema nini? Ningesema, wanyalukolo, Kasian haoni? Ungekitupa kisu siku hiyo, na kufika Pasaka tungekuwa tumekuzika." Akatema mate pembeni. "Lakini lile la komunio liliniuma. Wiki mbili sikupokea."

Kasian alitaka kusema nisamehe, akaona ni neno dogo mno likisemewa vichakani, pasipo watu.

Jumapili alisimama nje ya kanisa, pale pale. Watu walipoanza kupeana mikono, akapaza sauti ile ile. "Mwaka jana nilimwita Sosthenes mwizi. Mwizi ni mimi. Nilikuwa sioni, nikaficha, nikagema mianzi yake misimu miwili." Akanyoosha mkono, ukabaki hewani kitambo kidogo, kisha ukashikwa.

"Hilo la kushoto bado?" Sosthenes akauliza.

"Mwezi wa tano. Nitapanga foleni hapo Tosamaganga, wanaotaka kunitazama waje."

"Basi hadi mwezi wa tano," alisema Sosthenes, akizunguka kusimama kushoto kwake, "upande huu nitachonga mimi."